Aliniambia Nifiche Wanasesere Wangu

Nina miaka thelathini na tisa. Ni fundi wa friji hapa Nkubu, nina kibanda changu karibu na stendi, nina nyumba ya mawe niliyoijenga kwa jasho langu, na sina mke. Watu wa hapa wana majibu yao kuhusu hilo jambo la mwisho. Wengine wanasema nina kiburi. Wengine wanasema nina mtoto niliyemkana huko Maua na ndiyo sababu hakuna mzazi anayetaka kunipa binti yake. Nimenyamaza sana. Leo nataka mnisikie mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwa sababu kuna siku niliacha mtu mwingine anisemee na mtaona kilichonipata...

Ndugu zangu wasomaji, mimi napenda wanasesere. Cheka kwanza, ukimaliza tuendelee. Si wale wa kitambaa ambao watoto hulala nao. Ni wale wa plastiki ngumu wenye viungo vya kukunja: askari, wanamieleka, roboti, watu wa anga za juu wenye kofia za kioo, mashujaa wenye misuli ambao hata majina yao siyajui. Nilikulia Mikinduri, tukicheza na magunzi ya mahindi tuliyoyavisha matambara, na sikuwahi kushika kitu cha dukani mpaka nilipokuwa na pesa zangu. Basi nikaanza nikiwa mtu mzima. Kuna ubaya gani?

Wengi niliwatoa soko la Gakoromone, Meru mjini. Hufika ndani ya marobota ya mitumba, wamechanganyika na viatu vya watoto na vikombe vya plastiki. Mama mmoja anayeuza pale alinizoea hata akawa ananiwekea kando wale waliovunjika, kwa kuwa waliovunjika hawana mnunuzi. Mimi hao ndio niliowataka. Aliyekosa mguu nilimtafutia mguu wa mwenzake. Aliyepauka nilimpaka rangi ya kucha kwa ncha ya kijiti cha kiberiti, nikikunja uso kama daktari wa macho. Kazi hiyo ilinituliza kuliko kulala.

Sasa, ningewaweka wapi? Hoteli moja hapa mjini ilikuwa na friji ya soda iliyokufa, ile ndefu yenye mlango wa kioo. Walikuwa wanataka kuitupa. Niliichukua, nikaing'oa mashine yake, nikaiosha, nikaacha rafu zake, nikaifungia taa juu na chini. Nikaisimamisha sebuleni, pale ambapo wenzangu huweka kabati la vyombo vya wageni. Wanasesere wangu wakasimama humo kwa safu, kila mmoja na mahali pake. Jioni nikiwasha ile taa, ukuta mzima ulipendeza. Niliketi nikawaangalia huku nikinywa chai, na nasema bila aibu kwamba nilikuwa na furaha.

Padri alipokuja kubariki nyumba aliirushia ile friji maji ya baraka kama alivyorushia vitanda, kisha akaniuliza yule roboti mkubwa anaitwa nani. Mama yangu alicheka akasema afadhali hivi kuliko pombe. Hakuna aliyeniona mwovu. Kumbukeni hilo mnaposoma yanayofuata.

Nilikutana na Wawira huko Runyenjes, upande wa Embu, nilipoitwa kutengeneza friji ya duka la maziwa. Yeye ndiye aliyekuwa akisimamia duka. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, na hakuwa na maneno mengi, ila akisema neno lazima ucheke. Nilitengeneza ile friji polepole kuliko nilivyowahi kutengeneza friji yoyote! Baada ya hapo nilikuwa naenda kuikagua hata kama haikuharibika.

Alipokuja Nkubu mara ya kwanza, na binamu yake, niliogopa. Nilifikiri ataona ile friji na kuondoka. Lakini alivua viatu, akaketi sakafuni mbele ya kioo, akaniuliza nani ndiye mkubwa wao. Akafungua mlango akawapanga upya. Mwanamieleka mmoja mnene akamuweka karibu na msichana wa kucheza densi, akasema hao ni mtu na bibi yake na wamekosana leo asubuhi. Safari iliyofuata alikuja na gauni dogo la kitenge alilomshonea yule msichana kwa mkono.

"Hii nyumba yako haina upweke," aliniambia.

Hapo nilijua nimempata mke wangu. Niambieni, ungekuwa wewe ungengoja nini?

Mnajua mila zetu. Huku Meru, na kule Embu vilevile, mwanamume haendi kwa wakwe kujiombea. Ana msemaji wake. Msemaji ndiye anayebisha hodi, ndiye anayeulizwa, ndiye anayejibu. Wewe bwana harusi unakaa na mikono yako magotini kama mtoto wa komunyo ya kwanza, na ukiulizwa jambo unaitikia kwa kichwa tu. Ukifungua mdomo kujibu juu ya msemaji wako umewadharau watu wako, na wazee wa upande ule watasema hukulelewa.

Baba yangu alikufa nikiwa kijana. Baba mdogo alitaka kuwa msemaji wangu, lakini anaongea polepole, anasahau alichotaka kusema, na mimi nilikuwa na haraka. Nikamwendea Gitonga.

Gitonga... Hata kuliandika jina lake kunanichoma. Tulisoma pamoja Mikinduri tangu darasa la kwanza. Tulikula githeri kutoka bakuli moja. Ana duka la dawa za mifugo hapa Nkubu, na Jumamosi ndiye mshereheshaji wa harusi na harambee zote za huku, maana ana mdomo mtamu. Alipokubali kunisemea nilimkumbatia. Mama yangu alimchinjia kuku.

Safari ya kwanza kwenda Runyenjes ilikuwa nzuri. Gitonga aliwachekesha wazee mpaka baba yake Wawira, Mzee Nyaga, mtu wa kanisa asiyecheka ovyo, akafuta machozi. Wawira alileta uji wa wimbi na kumpa kila mtu. Nilimwona Gitonga akimtazama. Nilijivuna hata! Nilifikiri rafiki yangu anaona jinsi nilivyochagua vizuri.

Tukaambiwa siku ambayo wao watakuja Nkubu kuona boma. Mila hiyo pia mnaijua. Wazazi wa msichana wanakuja kuona anapopelekwa: nyumba, choo, shamba, majirani, kila kitu. Wakiridhika wanakula. Baada ya kula ndipo mahari yanazungumzwa.

Wiki moja kabla ya siku hiyo, Gitonga alikuja nyumbani. Hakuketi. Alisimama mbele ya ile friji akitikisa kichwa.

"Sikiza Murithi," akasema. "Mimi nimeongea na hao wazee kwa simu. Wamesikia kuna toys hapa na hawafurahii. Mzee wa Embu akiona hizi vitu kwa sitting room atasema wewe bado ni mtoto. Utapewa msichana kweli? Nipee nikuwekee. Harusi ikiisha utazirudisha."

Nilimwambia Wawira mwenyewe anazipenda. Akanijibu kwamba si Wawira anayetoa msichana, ni baba yake. Nikakubali. Je, yeye si msemaji wangu? Kama msemaji hajui wazee wanataka nini, nani anajua?

Tukaleta pikapu. Nilifunga kila mmoja kwa gazeti, nikawalaza ndani ya friji yao wenyewe, tukaifunga kwa kamba. Aliniahidi itakaa salama nyumbani kwa mama yake Mikinduri. Kabla ya kuwasha gari alinishika bega.

"Na usimwambie Wawira ziko wapi," akasema. "Akijua, babake atamuuliza, na huyo msichana hajui kudanganya."

Nikaona ni mtu wa busara! Nikamshukuru!

Siku mbili baadaye Wawira alinipigia. Baada ya maneno ya hapa na pale aliniuliza kama wale watu wetu wa plastiki bado wapo. Nikamwambia wameondoka. Akaniuliza wameenda wapi. Nikasema, "Nimewaweka mahali, usijali." Akarudia, "Mahali?" kisha akasema sawa. Nilidhani mtandao ulikuwa mbaya.

Siku ya wageni mama yangu na kina mama wa jumuiya waliamka kupika. Kulikuwa na mukimo, mbuzi wa kuchoma na wa mchuzi, chapati, wali, kila kitu. Wakaja: Mzee Nyaga, ndugu zake wawili, na shangazi yake Wawira, mama mmoja mwembamba mwenye macho makali. Wawira mwenyewe hakuja, kwa sababu siku hiyo si yake. Wakaona choo, wakaona tangi la maji, wakaona migomba. Tukaingia sebuleni. Mzee Nyaga alipoketi macho yake yalienda moja kwa moja pale ukutani friji ilipokuwa. Rangi ya ukuta hapo ilikuwa mpya kuliko kwingine, na sakafu ilikuwa na alama za miguu ya friji.

Akaondoa kofia yake akaiweka gotini.

"Tulisikia hapa kulikuwa na vitu vya kuchezea watoto," akasema. "Mimi sivioni. Viko wapi?"

Hakuniangalia mimi. Alimwangalia Gitonga, kama inavyotakiwa. Gitonga akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Mzee wetu, siwezi kukudanganya," akasema kwa sauti ya upole. "Vilikuwa hapa. Vilikuwa vya mtoto. Sasa vimepelekwa kwa mtoto, ndio hii nyumba ikae safi mbele yenu."

Mzee Nyaga akanigeukia mimi.

"Kijana, ni hivyo?"

Wasomaji wangu, nataka mjue kilichokuwa kichwani mwangu wakati ule. Nilifikiri Gitonga ananiokoa. Nilifikiri ameona aibu yangu, mwanamume wa umri wangu mwenye midoli, akaamua kusema ilikuwa ya mtoto fulani wa ukoo, mpwa, jirani, yeyote. Nilifikiri ni ujanja wa mshereheshaji. Na tena, msemaji wako akishasema, wewe unafanya nini? Unamgeuza mwongo mbele ya wakwe?

Nikaitikia kwa kichwa.

Mzee Nyaga alivaa kofia yake. Hakusema neno baya. Chakula kilipoletwa, wakanywa chai kidogo, wakasema njia ni ndefu. Hawakugusa nyama. Hawakugusa mukimo. Shangazi alikunja leso yake mkononi bila hata kumwangalia mama yangu. Walipoondoka nilimkuta mama jikoni amesimama katikati ya sufuria zilizojaa, analia bila sauti. Kwetu mgeni wa aina hiyo akikataa kula hahitaji kusema kingine.

Baba mdogo alinivuta kando akaniuliza ni mtoto gani huyo. Nikamwambia ni maneno tu ya Gitonga, ya kunifichia aibu.

"Aibu ya toys inafichwa na mtoto?" akaniuliza. "Mimi sielewi nyinyi vijana."

Nikamwona mzee wa kale. Lo! Ningalimsikiliza dakika moja tu...

Jioni ile Wawira alinitumia ujumbe: "Ungeniambia tu ukweli." Nikampigia. Simu yake haikuingia tena, siku hiyo wala siku zilizofuata.

Nilitaka kwenda Runyenjes asubuhi yake. Gitonga alinikataza kabisa. Alisema nikionekana kule bila msemaji, wazee watasema nimevunja heshima na jambo litaharibika milele. Alisema nikimfuata Wawira dukani nitamharibia jina. Alisema yeye atakwenda kunitetea. Na kweli alikwenda, tena mara nyingi! Nilimpa blanketi ya mama yake Wawira. Nilimpa asali ya Tharaka, nikampa gunia la maharagwe ya njahi. Kila aliporudi aliniambia wanaanza kulainika, nivumilie, watu wa Embu hawana haraka. Baadaye nilikuja kujua kwamba blanketi ile ilifika, na asali ilifika, na njahi ikapikwa. Ila hazikufika kwa jina langu.

Jumapili moja nilikuwa kanisani, nimekaa upande wa kwaya kama kawaida. Misa ilipokaribia kwisha katekista alisimama kusoma matangazo ya ndoa. Sikuwa nasikiliza vizuri. Nikasikia jina la Gitonga, wa jumuiya yetu. Nikafurahi, nikajiuliza kwa nini rafiki yangu hakuniambia kwamba ameposa. Kisha nikasikia jina la bibi harusi, na jina la baba yake, na parokia yake ya Runyenjes.

"Mwenye kujua kizuizi chochote amwone padri," akamaliza katekista, akakunja karatasi.

Watu wote wa upande wa kwaya waligeuka kuniangalia. Walikuwa wanajua nilivyokuwa nikijiandaa. Nilikuwa nimeshika kitabu cha nyimbo, na nakumbuka nilikuwa najaribu kukifunga na hakifungiki...

Nilimkuta dukani kwake siku iliyofuata, akimpimia mteja chakula cha ng'ombe. Alinitazama, akaendelea kupima. Akampa yule mama chenji yake, akamtakia siku njema. Ndipo akaniambia niingie.

Sikuwa na nguvu za kupiga kelele. Nilimuuliza tu kwa nini.

"Murithi, wewe uliachwa," akasema. "Mimi nilikuta msichana ameachana na mtu. Kosa langu ni gani? Ama ulitaka akae hivyo?"

Nilimuuliza ziko wapi toys zangu. Akasema alizichoma zote, friji akauzia watu wa vyuma vikuukuu, kwa sababu mama yake alilalamika zinamjazia stoo. Alisema hivyo akiangalia simu yake. Nilitoka nje nikaketi kwenye ngazi za duka la mtu, na watu wakanipita wakinisalimia, "Muga," nami nikiitikia, "Muga," kama mashine.

Safari hii sikumwomba mtu ruhusa. Nilikwenda Runyenjes peke yangu. Mzee Nyaga alikataa kutoka nyumbani. Wawira nilimwona dirishani, kisha pazia likafungwa. Aliyekuja ni shangazi. Alinisimamisha pale kwenye mibuni yao, hakunipa hata kiti.

"Mtoto hajambo?" akaniuliza.

Nikamuuliza mtoto gani.

"Yule wa Maua. Ama wako wengi?"

Hapo ndipo nilipoelewa, ndugu zangu. Hapo ndipo ardhi ilipokwisha chini ya miguu yangu! Gitonga alikuwa amewaambia, kabla hata ya siku ya kuona boma, kwamba nina mwanamke na mtoto huko Maua. Alimwambia Wawira: kwani wewe uliamini mwanamume mzima anajinunulia toys? Ni za mtoto wake. Akawaambia wazee waende wajionee wenyewe, kwamba wakifika toys zitakuwa zimeondolewa haraka na kupelekwa kwa mwenye mtoto. Na wao walipofika, wakakuta alama nne sakafuni. Walipouliza, msemaji wangu akasema. Na mimi nikaitikia.

Nikakumbuka kwamba Wawira alikuwa ameniuliza kwa simu waliko, nikamficha. Kwamba yule msichana alikuwa amenipa nafasi ya kusema neno moja. Kama wazee wangewakuta wale askari na wanamieleka wamesimama pale na miguu yao ya kuazimwa, kila mtu angeona ni upuzi wa fundi mpweke! Mzee Nyaga angewaangalia, angecheka kama mama yangu alivyocheka, na tungekula.

Nilimwambia shangazi hakuna mtoto. Nikamwapia. Nikamwonyesha picha za ile friji kwenye simu yangu. Akazitazama kwa makini.

"Picha inaonyesha toys," akasema. "Haionyeshi zilienda kwa nani. Kama ni zako, zilete hapa tuone, hata leo."

Ningeleta nini? Majivu?

"Uliulizwa mbele ya wazee," akaendelea, na sasa hata hakuwa na hasira, alinihurumia. "Ukafanya hivi na kichwa. Sasa unakataa mtoto wako kwa sababu umekosa bibi? Enda nyumbani."

Mama yangu alisafiri kwenda kuapa kwao. Nani anaamini mama anapomtetea mwanawe? Nilimwona padri pia. Aliniamini, nafikiri. Aliniuliza kama nina ushahidi. Akaniambia kwa huzuni kwamba msichana ameulizwa na amekubali kwa hiari yake, na uchungu wangu si kizuizi cha ndoa.

Wakaoana. Siku ile nilikaa ndani na pazia zimefungwa, nikasikia magari ya harusi yakipita na honi zao. Gitonga alikuwa na mshereheshaji mwingine. Sijui kama alikuwa mzuri.

Baada ya hapo sikwenda tena Gakoromone. Yule mama wa mitumba aliniwekea waliovunjika mpaka mfuko ukajaa, akanitumia salamu kwa watu, kisha akachoka. Ukuta wangu ulibaki mtupu. Nilinunua kabati la vyombo nikaliweka pale, nikaliondoa wiki hiyohiyo. Habari ya mtoto wa Maua ilifika Nkubu nzima. Msichana mwingine niliyejaribu kuzungumza naye aliniuliza kuhusu huyo mtoto kabla hata ya kuniuliza kazi yangu. Unamthibitishiaje mtu kwamba mtoto hayupo? Nani ameweza?

Msimu wa mvua ndefu wa mwaka uliofuata, mchana, nilikuwa kibandani nikiunganisha paipu ya friji. Nikaona miguu ya mwanamke imesimama mlangoni. Nikainua macho. Alikuwa Wawira, na mtoto mchanga mgongoni.

Nilimpa stuli. Hakuketi.

Akaniambia walikwenda Mikinduri kumsaidia mama mkwe kupanda. Alitumwa stoo kuchukua mbegu za maharagwe. Nyuma ya magunia aliona kitu kirefu kimefunikwa kwa turubai. Akalivuta. Ilikuwa friji ya soda. Ndani walikuwa wamo wote, wamelala kwenye magazeti yao, hata yule msichana wa gauni la kitenge. Hakuna aliyechomwa. Hakuna aliyewahi kupelekwa Maua. Mama mkwe, mama mzee asiyejua lolote, akamwambia hivyo ni vitu vya rafiki wa Gitonga, Murithi wa friji, aliviacha hapo siku nyingi, na mtu anajiuliza kwa nini haji kuvichukua.

"Nilimuuliza," Wawira akasema. "Alicheka. Akaniuliza nitaenda wapi na mtoto mgongoni."

Nilishika ile paipu, nikaiweka chini, nikaishika tena. Moyo ulikuwa unataka kuruka kwa furaha kwamba hatimaye anajua, na papo hapo ukaona hakuna pa kutua. Niliwaza atalia. Niliwaza atasema nisamehe. Hakusema. Aliniangalia tu, na nilimwona amekonda.

"Babangu alikuuliza wewe," akasema. "Si Gitonga. Alikugeukia wewe, akakuuliza neno moja. Kwa nini uliitikia?"

Nikaanza kumweleza mila. Nikamweleza msemaji, heshima, jinsi isivyofaa bwana harusi kujibu... Nilisikia sauti yangu mwenyewe ikieleza na nikaona aibu, nikanyamaza. Alingoja kidogo, labda nilikuwa na jibu lingine. Mtoto akaanza kulia. Akakaza leso, akaniaga kwa adabu, akaenda.

Friji ililetwa na mama yake Gitonga, alikodi gari mwenyewe, mama wa watu, na aliniomba msamaha kwa jambo ambalo si kosa lake. Nimeisimamisha pale ilipokuwa. Nawasha taa kila jioni na sifungi pazia. Mgeni akiingia namwambia kabla hajauliza: hivi ni vyangu, vya mimi Murithi, nanunua na kutengeneza mwenyewe. Baadhi wanacheka. Wacheke. Lakini siketi tena kuwaangalia na chai kama zamani. Nikiwaangalia sana ninamwona aliyekuwa ameketi sakafuni akiwapanga.

Wenzangu mnaosoma haya, hasa nyinyi mnaojiandaa kuoa, nawasihi. Mtu akikuambia ficha unachokipenda ili upendwe, muulize anapata nini ukikificha. Rafiki akishakuwa mlango pekee kati yako na mpenzi wako, jua kwamba siku yoyote anaweza kuufunga na wewe ukabaki nje ukimshukuru. Mila zetu ni nzuri, mimi sizitukani, na wazee wana haki ya kusemeshwa kwa heshima. Lakini maisha ni yako. Ukigeukiwa na kuulizwa, fungua mdomo. Waseme huna adabu, waseme hukulelewa, watasahau kabla ya chakula kwisha. Mimi nilikuwa na adabu siku ile.

Mzee aliniuliza, "Kijana, ni hivyo?" Jibu lilikuwa hapana. Nilikuwa nalo mdomoni, nikaona si zamu yangu kulisema.